Nyonga Yangu na Saini ya Mwanaume

Sijaandika haya ili nionewe huruma. Huruma nililetewa nyingi wodini, pamoja na ndizi na soda, na haikunisaidia hata kugeuka kitandani. Naandika kwa sababu kuna mtu sasa hivi amelala mahali na nyonga iliyopasuka, watu wamemzunguka, kila mmoja anamsemea, naye amenyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Huyo ndiye ninayetaka anisikilize.

Naitwa Bhoke. Naishi kijiji kimoja jirani na Nyangoto, na mimi ni mke wa mwanamke. Wenzangu wa Tarime wameshaelewa. Kwa ajili ya wengine nitaeleza mara moja. Mama Wegesa alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume, na kwetu nyumba isiyo na kijana inahesabiwa kuwa imezimika. Akatoa ng'ombe kwa baba yangu akanioa, nimzalie watoto wa nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Watoto ninaozaa ni wa Mama Wegesa na wanabeba jina la marehemu mume wake. Mwanaume anayenizalisha hana chake pale. Anakuja, anakula, anaondoka. Wangu alikuwa Marwa, mtu wa Morotonga kule Serengeti, mwenye mke wake na vijana wanne. Nilizaa naye wawili, Gati na mdogo wake Chacha. Wakati navunjika, Gati alikuwa na miaka kumi, anasonga ugali wa watu sita bila madonge, na anasoma kwa sauti magazeti ya kufungia nyama.

Na msinihurumie kwa ndoa hiyo pia. Mama Wegesa ana mdomo mkali, lakini hajawahi kuninyanyulia mkono. Ni wanawake wangapi wa kwetu wanaweza kusema hivyo kuhusu waume zao?

Ilikuwa mwisho wa masika, mahindi yameanza kukauka shambani. Nilikuwa natembea kando ya mkokoteni wa ng'ombe uliobeba magunia ya mihogo mikavu, tunateremka. Gurudumu likaingia kwenye shimo la wachimbaji wadogo lililofukiwa nusu, majani yameota juu. Mkokoteni ukapinduka ukanilalia. Nilisikia kitu kimepasuka ndani yangu kabla sijasikia maumivu. Walipoinua magunia niliuona mguu wangu wa kulia umekunjika, umekuwa mfupi, goti limegeukia goti lenzake, na nilipoutuma unyooke haukunisikia.

Nilipelekwa na lori la kokoto. Njia yetu mnaijua. Sitaieleza safari hiyo.

Hospitali ya kwanza sitaitaja. Walinichoma sindano ya usingizi wakavuta mguu, wakarudisha kichwa cha mfupa wa paja mahali pake. Halafu wakanitoboa mfupa chini ya goti, wakapitisha chuma, wakafunga kamba, kamba ikapita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda na kuning'iniza dumu la maji. Dumu la njano lile lile tunalochotea kisimani. Nililitazama wiki mbili na zaidi. Wageni wakiingia wanalishangaa lenyewe kwanza, mimi baadaye.

Siku ya tatu alikuja daktari wa mifupa, ambaye alikuwa anafika mara moja tu kwa wiki. Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama Gati, kichwa cha mfupa kimerudi. Tatizo ni kikombe kinachokishika hicho kichwa. Kimevunjika vipande, na kipande kimoja kimehama kabisa. Hapa hatuna uwezo. Wanaoviunga kwa vyuma wako Mwanza."

"Nikikaa hivi hivi na hili dumu?"

"Utachechemea maisha yako yote na maumivu hayataisha. Labda usitembee kabisa. Ufanyiwe ndani ya wiki mbili. Zikipita tatu, mifupa inaanza kushikana yenyewe, na inashikana vibaya."

Nikasema nimekubali. Nakumbuka vizuri kwamba nilisema kwa mdomo wangu, nimekubali. Akaandika, akaenda kitanda kingine.

Mchana wake akaja muuguzi na karatasi. Alikuwa dada mgeni mkoani kwetu, ana haraka, wodi nzima iko juu yake. "Huu upasuaji ni mkubwa," akasema. "Mume wako aje asaini hapa, tuandae rufaa."

Nikamwonyesha Mama Wegesa aliyekaa kwenye kiti pembeni akimenya chungwa. "Mume wangu ndiye huyu."

Wodi ikacheka. Hata wagonjwa waliofungwa mbavu walicheka, na wale walikuwa watu wa kwetu wanaojua nilichosema. Muuguzi akaniambia, "Mama, mimi sina muda wa utani. Nataka mwanaume wa familia." Akaiweka karatasi kwenye kabati dogo la kitanda, akaiwekea kikombe juu isipeperuke.

Mama Wegesa alimaliza kumenya lile chungwa, akanipa. Mwanamke aliyeswaga ng'ombe wake mwenyewe hadi kwa baba yangu, mbele ya wanaume, akaambiwa yeye ni utani.

Sasa ndipo tulipokosea, na tulikosea wote wawili kwa pamoja. Hatukuuliza. Kwetu jambo kubwa linakaliwa na wanaume, tangu kuuza dume hadi kuzika mtu. Kwa hiyo muuguzi aliposema mwanaume, maneno yake yaliingia masikioni mwetu kama sheria ya serikali. Tukaanza kutafuta mwanaume.

Shemeji zake Mama Wegesa, wadogo wa marehemu, wanamgombania shamba tangu mgodi uanze kupima ardhi upande ule. Walikuja wodini wakanipa pole, wakaitazama karatasi, mkubwa wao akasema hawezi kuweka saini kwenye nyumba ambayo haitambui. Baba yangu ni marehemu. Kaka yangu yuko machimboni huko Geita, na simu yake siku zote haipatikani. Kila asubuhi Mama Wegesa alitoka kumtafuta mtu, jioni alirudi, miguu ina vumbi hadi magotini, akaketi akanipangusa mgongo kwa maji ya vuguvugu. Vidonda vya kulala vilikuwa vimeanza juu ya makalio. Alikuwa akivisafisha huku akiwatukana shemeji zake mmoja mmoja kwa majina yao, na mimi nilikuwa nacheka, na kucheka kulikuwa kunaniuma.

Wiki ikaisha. Daktari akaja tena, akauliza, "Bado hamjaamua?"

"Tunamtafuta mwanaume wa kusaini," akajibu Mama Wegesa.

Daktari akatikisa kichwa akaandika. Sijui alielewa nini. Labda alidhani tunakwepa kisu, maana wengi wanakwepa. Mimi nilikuwa pale pale nimelala na mdomo wangu na mkono wangu wa kulia usio na hata mkwaruzo. Sikusema kitu.

Siku ya kumi na moja tangu nivunjike, Marwa akaja. Alikuwa ametumiwa ujumbe. Alisimama mwisho wa kitanda, kando ya dumu, kofia mkononi. Akamwamkia Mama Wegesa, "Shikamoo mama," akaitikiwa. Akanipa pole, na nadhani alikuwa anamaanisha. Akasoma karatasi yote taratibu. Halafu akairudisha chini ya kikombe.

"Miaka kumi na moja mnaniambia mimi si mume hapa," akasema. "Nikileta nguo za watoto naambiwa asante, mgeni. Leo mnataka nisaini kama mume. Sawa. Mkitaka nisaini kama mwenye nyumba, nipeni cha mwenye nyumba."

"Kitu gani?" akauliza Mama Wegesa.

"Gati."

Akaeleza bila kupandisha sauti, kama mtu anayepanga zamu ya kuchunga. Ana vijana wanne na hana binti. Wa kwanza anakaribia kuoa. Ng'ombe wa kumwolea kijana wanapatikana binti akiolewa, na binti mwenye damu yake yuko kwetu. Chacha hamtaki, Chacha abaki awe kijana wa nyumba. Anamtaka Gati tu. Atatoa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wazee wawili washuhudie, Gati awe mtoto wake.

Mama Wegesa alimfukuza kwa fimbo yake hadi nje ya wodi. Hata walinzi hawakumzuia. Nami nilimpenda mama yule siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

Laiti ingeishia hapo.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Chuma cha gotini kilianza kutoa maji yenye harufu. Kila nikivuta pumzi ndefu, kitu kilisagana ndani ya nyonga, nikawa naogopa kukohoa. Nilijisaidia kwenye beseni mbele ya watu, na siku moja beseni lilichelewa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani, na heshima ile ndogo naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa nahesabu siku: kumi na mbili, kumi na tatu. Nilijiona nimekaa kwenye ngozi nje ya nyumba maisha yangu yote, nafukuza kuku.

Siku ya kumi na tatu, Mama Wegesa akinilisha uji, nikasukuma kijiko.

"Mpeni," nikasema.

"Nini?"

"Gati. Mpeni Marwa. Nataka kutembea."

Aliweka bakuli la uji chini. Angeweza kukataa. Mtoto alikuwa wake kwa mila, mimi sikuwa na kauli. Lakini alikuwa mzee, amechoka kutembea, na aliogopa kubaki na mke kilema na watoto wadogo. Kesho yake wakakaa wazee wawili kwenye benchi za wapikaji, nje ya jiko la wagonjwa. Mtamba alikuwa ameshafika nyumbani kwetu alfajiri. Mzee mmoja akauliza mara moja tu, "Mtamba amepokelewa?" Mama Wegesa akasema amepokelewa. Hapo neno likafungwa. Marwa akaingia wodini akaomba kalamu, akaandika jina lake lote mahali pa mume. Muuguzi akafurahi sana. Akasema, "Si mngefanya hivi tangu mwanzo?"

Jioni Gati aliletwa kuniaga. Alikuwa amefungiwa nguo zake kwenye kitenge changu. Aliuliza ni lini atarudi, nikamwambia nikipona. Nilimdanganya nikimtazama usoni, na sikuona aibu, kwa sababu mguu ulikuwa unauma.

Siku ya kumi na sita nilifika Mwanza.

Pale mapokezi tulilala kwenye machela kwenye korido, tumepangwa, waliovunjika mifupa wa Kanda ya Ziwa yote. Kulikuwa na mwanamke wa kufagia aliyetuletea maji ya kunywa bila kuombwa, kila alipopita. Jina lake sikulijua. Asubuhi akaja daktari bingwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akafungua faili langu.

"Marwa ni nani?"

"Ni baba wa watoto wangu."

"Hiyo nyonga ni ya nani?"

Nikadhani ananitega. "Yangu."

"Kusoma unajua?"

"Nimemaliza la saba."

Akatoa karatasi nyingine, akakaa ukingoni mwa machela, akanieleza yote: watanilaza ubavu, watapasua nyuma ya nyonga, watapanga vipande kwa vyuma na skrubu, naweza kupoteza damu nyingi, mshipa wa fahamu unaopita pale unaweza kuumia. Akaniuliza kama nimeelewa. Akanipa kalamu.

"Na ile ya Marwa?" nikauliza.

"Ile haina kazi. Wewe ni mtu mzima, una akili zako. Wa kusaini ni wewe."

"Hata kule nilikotoka?"

"Hata kule. Ungesaini siku ile ile ungefika kwangu mapema, na kazi yangu ingekuwa rahisi zaidi."

Nilisaini. Herufi zangu ni mbaya, nimezoea jembe. Kisha nikaomba nifunikwe uso na shuka, muuguzi akadhani nasikia baridi.

Kwa hiyo wewe uliyelala, hilo ndilo nililokuja kukuambia. Ukiletewa karatasi na akili zako zipo, soma au usomewe, kisha saini mwenyewe, hata kwa dole gumba. Wakikuambia mume, baba, kaka, shemeji, uliza kwa sauti wodi nzima isikie: kwani mimi sitoshi? Uliza hata kama watacheka. Mimi niliogopa kuchekwa mara ya pili.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima, kwa sababu mifupa ilikuwa imeshaanza kushikana na ilibidi waibandue. Nilipoamka kidole gumba cha mguu hakikuinuka. Mshipa wa fahamu ulikuwa umechoka kwa kuvutwa, wakasema utarudi taratibu. Umerudi nusu. Nikitembea, mguu wa kulia unaburuza ncha. Fundi viatu mmoja wa Bomani alinishonea mkanda wa mpira wa tairi unaoinua kidole, akaongeza na soli nene kwa sababu mguu umebaki mfupi. Alinipima kwa uvumilivu zaidi kuliko watu wengi walionipima.

Nilirudi nyumbani watu wanavuna. Miezi mitatu sikuruhusiwa kukanyaga. Wasioambiwa niwaambie: adui yako mkubwa nyumbani ni choo cha shimo, maana kuchuchumaa ni marufuku. Mwambie fundi atoboe kiti cha mbao, ukiweke juu ya tundu, usione haya. Usikae kwenye kigoda. Lala na mto katikati ya mapaja. Mazoezi fanya hata ukilia, mimi niliyafanya nikilia na nikitukana. Paja langu lilikonda likawa la mtoto, na nywele zilikatika upande niliolalia. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa kwenye magongo mawili. Wakati wa kupanda ulezi, gongo moja.

Mimi na Mama Wegesa tulikuwa tunasema ya lazima tu. Maji yamechemka. Chacha anakohoa. Mtamba alikua, akashika mimba, akazaa, akaanza kukamuliwa, na maziwa yake sijawahi kuyaonja. Siku moja nilipokataa kikombe, maneno yalitoka.

"Wewe ndiye uliyesema mpeni," akaniambia.

"Na wewe ndiye uliyepokea."

"Nilipokea ili usimame."

"Nimesimama, mama. Nitazame."

Alitoka nje akakaa peke yake. Hatujawahi kulirudia. Bado ananichemshia maji ya kukanda nyonga, kila siku ya baridi, na mimi bado namsuka nywele. Sijui hali hiyo inaitwaje.

Nilijaribu kumrudisha Gati. Wazee wakasema mtamba alipokelewa, na walisema kama watu wanaonisaidia kukumbuka. Nikaenda ofisini mjini na gongo langu, nikasubiri kwenye benchi tangu asubuhi. Wakauliza mtoto yuko kwa nani, nikasema kwa baba yake. Anapigwa? Sijui. Anasoma? Nasikia anasoma. Wakaniambia mama, hapo mkae mzungumze. Nikamuuliza yule kijana wa ofisi kama saini iliyotolewa bure inaweza kurudishwa. Hakuelewa swali.

Mwaka jana, wakati wa palizi, nilikwenda Morotonga. Kwa siku nyingi nilikuwa nimepanga cha kumwambia Gati. Nilitaka ajue ukweli wote: kwamba ilikuwa makosa, kwamba karatasi ya baba yake haikuwa na kazi, kwamba mama yake alikuwa mjinga na muoga lakini hakumtupa. Nilidhani akijua hivyo atanisamehe.

Marwa hakuwepo. Mke wake alinipokea vizuri, akanitafutia kiti kirefu bila kuambiwa. Gati akatoka jikoni. Amekuwa mrefu, amekonda shingo, ana kovu dogo la moto mkononi. Akainama kidogo. "Shikamoo." Hakuongeza mama. Alimalizia salamu akamgeukia mwenye nyumba, "Mama, mboga iko tayari," kisha akagundua alichosema na akatazama chini.

Tulipoachwa wawili akauliza bila kuzunguka, ni mtoto wangu kweli.

"Bibi alisema ni wewe ulisema nitolewe. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa sababu ya mguu?"

Hapo ndipo ilikuwa zamu yangu. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Nikamtazama, nikaona kwamba mwaka mzima na zaidi amekuwa akilala na jibu moja tu: nilitolewa ili mama atembee. Ni jibu baya, lakini lina mantiki, mtu anaweza kulishika. Nikimwambia ukweli, nitamnyang'anya hata hilo. Atabaki ametolewa bure.

"Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu ya mguu."

"Daktari alisema bila hivyo usingetembea?"

"Alisema hivyo."

Akautazama mguu, kile kiatu cha soli nene na mkanda wa mpira.

"Tembea nione," akasema.

Nikaegemeza gongo kwenye kiti. Nikatembea kutoka mlango wa jiko hadi kwenye zizi, nikarudi, ncha ya mguu ikiburuza vumbi, nami nikijitahidi kwa nguvu zangu zote isionekane. Alinifuata kwa macho kwenda na kurudi.

"Basi sawa," akasema, na akarudi jikoni kupakua.